Simu za Intaneti na Ukuta wa Moto: Uchambuzi kutoka Eldoret

Mji wa Eldoret ulizaliwa na posta. Mwaka 1910, katika lile shamba ambalo ramani ya serikali ya kikoloni ililitia nambari 64, ilifunguliwa ofisi ndogo ya barua. Mwaka 1912 mahali hapo pakapewa jina la Eldoret. Na ingawa mji ulipandishwa hadhi ukawa jiji tarehe 15 Agosti 2024, wapo wenyeji wa Uasin Gishu ambao hata leo wauita Sisibo kwa kuikumbuka nambari ile. Mji wenye asili hiyo haustahili kusumbuka kwa jambo la simu. Walakini katika ofisi kadha zilizo kando ya Uganda Road na Oginga Odinga Street, katika shule, zahanati, vyama vya akiba na maduka ya pembejeo, husikika malalamiko ya namna moja yanayorudiwa kwa maneno karibu yale yale: simu za intaneti zimenunuliwa, zimeunganishwa, taa zinawaka, na bado mtu akipiga hasikiki, au asikika wala yeye hasikii, au mazungumzo hukatika kabla salamu hazijaisha.

Lawama hutupiwa ukuta wa moto, ambao mafundi huuita fayawoli, na hukumu itolewayo kwa haraka ni kwamba uzimwe, au ifunguliwe milango yote. Hukumu hiyo ni dhuluma kwa ukuta na hatari kwa mwenye ofisi. Shida hii ina asili inayojulikana, imesomwa na wataalamu kwa zaidi ya miaka ishirini, na ina dawa zisizotaka ukuta wowote ubomolewe. Lakini dawa hizo hazilingani kwa ubora, na ipo moja ambayo, kwa hali ya Eldoret ilivyo sasa, naiona kuwa bora kwa ofisi ya kadiri.

Tuikumbuke kwanza simu ya zamani. Waya wa shaba ulitoka katika nyumba ya mitambo ukaja moja kwa moja hadi mezani kwa mwenye simu, nao ukabeba sauti na pia umeme wake wenyewe, volti 48, hata taa za mji zikizimika simu iliendelea kuita. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, Kenya ikaunda shirika lake, na mwaka 1999 shirika hilo nalo likagawanywa, upande wa simu ukawa Telkom Kenya. Katika miaka iliyofuata simu za mkononi zilienea upesi mno, wezi wakazikata nyaya za shaba na kuziuza kama chuma chakavu, na simu ya mezani ikadhoofika hadi ikatoweka katika ofisi nyingi bila ya kuachia mrithi. Simu ya mkononi ni ya mtu, haiwi ya ofisi: mtumishi akiacha kazi huondoka na wateja katika mfuko wake, na mgonjwa atakaye kuuliza siku ya kliniki hupewa nambari ya muuguzi ambaye pengine siku hiyo yu likizo. Simu ya intaneti ndiyo iliyokuja kuliziba pengo hilo, kwa kuwa huipa ofisi nambari moja, huigawanya nambari hiyo kwa meza ishirini, na humuunganisha karani wa Eldoret na mwenzake wa Kitale au wa Nairobi bila ya kuhesabiwa dakika.

Ruhusa ya kuitumia haikupatikana kwa urahisi. Telkom Kenya ilikuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya Kenya na ulimwengu, na haki hiyo ililindwa kwa ukali. Mwishoni mwa mwaka 2000 makampuni ya intaneti yalipofungua Nairobi kituo cha kubadilishana mawasiliano, kiitwacho KIXP, ili risala ya Mkenya kwenda kwa Mkenya isizungukie Ulaya au Marekani kwa setilaiti, Telkom ilishtaki, na Tume ya Mawasiliano ikaamuru kifungwe. Kikafunguliwa tena Februari 2002. Haki ile ya pekee ilikoma Juni 2004, na ni baada ya hapo ndipo simu za intaneti zilipopata nafasi katika sheria. Hata hivyo sheria peke yake haikutosha. Setilaiti zilizotumika wakati huo hukaa juu ya ikweta kwa umbali wa kilomita 36,000 hivi, na neno likipanda na kushuka hupoteza robo ya sekunde, na jibu robo nyingine, ilhali kipimo cha kimataifa chapendekeza kwamba kuchelewa kwa upande mmoja kusizidi milisekunde 150. Watu walikuwa wakikanyagana maneno kama wagomvi. Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010, zilipofika Mombasa, na faiba ikapandishwa bara hadi nyanda za juu, ndipo mtu wa Eldoret alipoweza kuzungumza na mtu wa London bila ya kungojana. Njia ikawa nyeupe, na kizuizi kilichobaki kikawa ndani ya nyumba.

Simu moja ya intaneti ina mazungumzo mawili. La kwanza ni la kuitana: nani ampigia nani, aliyepigiwa akubali au akatae, maneno yaanze lini na yaishe lini. Kazi hii hufanywa na itifaki iitwayo SIP, iliyotangazwa mwaka 1999 na kuandikwa upya mwaka 2002, ambayo kwa desturi hutumia mlango nambari 5060. La pili ni sauti yenyewe, iliyokatwa vipande hamsini kila sekunde, viitwavyo pakiti, na kubebwa na itifaki nyingine, RTP, katika milango ambayo haijulikani mpaka wazungumzaji wawe wamepatana. Mtambo wa Asterisk, kwa mfano, ulioanzishwa na Mark Spencer katika jimbo la Alabama mwaka 1999, na ambao ofisi nyingi za kwetu huupenda kwa kuwa programu yake ni ya bure, huchagua mlango wowote kati ya 10000 na 20000.

Ukuta wa moto nao ni mfano wa bawabu wa nyumba kubwa aliyepewa agizo moja: mtu wa nje asiingie ila akiwa analeta jibu la aliyetumwa kutoka ndani. Kwa barua pepe na kwa kurasa za intaneti agizo hilo latosha, maana daima wa ndani ndiye anayeanza kuuliza. Simu haifuati kaida hiyo. Faida yake yote ni kwamba mtu wa nje aweze kuita saa asiyotazamiwa. Na hata akiitikiwa, sauti huja kwa mlango mwingine, pengine kutoka kwa seva ambayo bawabu hakupata kuona ikipelekewa chochote.

Juu ya hayo ipo desturi ya kubadilisha anwani. Anwani za intaneti za mtindo wa kwanza hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na ilipodhihirika kwamba hazitatosha, mwaka 1994 ilibuniwa njia ya kuificha nyumba nzima nyuma ya anwani moja ya hadharani. Kompyuta na simu za ndani hupewa anwani zilizotengwa kwa matumizi ya ndani tu, kama zile zianzazo na 192.168 au na 10, ambazo hurudiwa katika maelfu ya ofisi na hazina maana yoyote nje ya ukuta. Ruta huibadilisha anwani iliyoandikwa juu ya pakiti, kama ipasavyo, lakini haiisomi barua iliyomo ndani. Na SIP, kwa bahati mbaya, huiandika anwani ya mpigaji ndani ya barua.

Nilipata kuliona jambo hili kwa karibu katika ofisi moja ya chama cha akiba mjini Eldoret. Karani alipopiga simu kwa tawi la Nairobi, mwenzake alimsikia vizuri na kumwitikia mara kwa mara, naye karani hakusikia hata pumzi. Fundi aliyeitwa alikuwa amekwisha kubadilisha waya, kisha simu, kisha akaizima na kuiwasha ruta, na alikuwa karibu kushauri kwamba ukuta uzimwe kabisa. Mwanamke kijana aliyekuwa akisimamia kompyuta za chama alimsihi angoje, akafungua programu ya Wireshark katika kompyuta yake, ambayo huonyesha kila pakiti ipitayo, akapiga simu moja, akaisimamisha, akasoma. Katika barua ya kuitana, pale palipoandikwa mahali ambapo sauti ipelekwe, palikuwa na anwani 192.168.1.20. Simu ya Eldoret ilikuwa imemwambia mtu wa Nairobi, kwa uaminifu kamili, kwamba aipeleke sauti yake kwa anwani ambayo Nairobi haiwezi kuifikia. Na mtambo wa Nairobi, kwa utiifu kamili, ulikuwa ukiituma sauti hiyo isikofika. Dawa ilikuwa kuuarifu mtambo wa simu anwani ya hadharani ya ofisi na kuuonyesha ni anwani zipi zilizo za ndani, mistari miwili katika faili la mpango. Ukuta haukuguswa.

Aina ya pili ya ugonjwa ni ile inayowatisha watu zaidi kwa sababu ina kipimo: simu yaingia, yapokewa, pande zote zasikizana, kisha baada ya nusu dakika yakatika, kila mara, kama kwamba mtu ameshika saa. Na kweli saa ipo. Simu ikipokewa, aliyepokea hutuma risala ya kukubali, naye hungoja uthibitisho. Asipoupata huirudia risala yake tena na tena, na kanuni ya SIP yamwamuru akate tamaa baada ya sekunde 32. Uthibitisho haukufika kwa sababu ile ile ya kwanza, ya kwamba uliagizwa uende kwa anwani ya ndani. Fundi anayeijua nambari hiyo 32 hutambua ugonjwa kabla hajaketi; asiyeijua aweza kushinda siku mbili akiilaumu faiba.

Ya tatu hutokana na kusahau. Ukuta hauwezi kuweka kumbukumbu za waliotoka hata milele, kwa hiyo kila kumbukumbu ina muda wake, na kwa pakiti za aina itumiwayo na simu muda huo huwa mfupi: katika mifumo mingi iliyojengwa juu ya Linux ni sekunde 30 ikiwa jibu halijaonekana, na dakika mbili au tatu likionekana. Simu nayo, ikisha kujiandikisha kwa seva, aghalabu huona imetimiza wajibu wake kwa saa nzima. Basi ofisi ikikaa kimya asubuhi, bawabu husahau kwamba yumo ndani mtu anayetazamia wito, na mteja akipiga huambiwa hapatikani. Karani akipiga yeye, mlango hukumbukwa tena, na kwa muda mfupi simu huingia, halafu hupotea. Na kila mtu hukiri kwamba haelewi. Waratibu wa itifaki za intaneti waliagiza mwaka 2007 kwamba kumbukumbu za namna hii zisifutwe kabla ya dakika mbili, ila ruta nyingi zilizopo madukani hazikupata kuisikia amri hiyo. Kilicho salama ni kuiagiza simu yenyewe itume pakiti ndogo kila baada ya sekunde ishirini hivi, isiyo na maana nyingine ila kumkumbusha bawabu. Kadhalika ni vyema, kila inapowezekana, kuitumia njia ya TCP yenye usimbaji katika mlango 5061, ambayo kumbukumbu zake hudumu zaidi.

Sina budi kusema neno la ukali juu ya msaidizi asiyeombwa. Watengenezaji wa ruta, kwa nia njema, walitia ndani yake programu inayoifungua barua ya SIP njiani na kuisahihisha anwani iliyomo. Mtambo wa simu ukiwa tayari umejisahihisha wenyewe, masahihisho hayo mawili hugongana na kuzaa anwani isiyo ya mtu yeyote. Katika ruta za MikroTik, kampuni ya Latvia ambayo bidhaa zake zimeenea sana miongoni mwa watoaji wa intaneti wa Kenya, msaidizi huyu hupatikana katika sehemu ya ukuta, chini ya orodha ya huduma, naye huwa amewashwa tangu kiwandani. Katika ruta za nyumbani zitolewazo pamoja na faiba, mara nyingine amefichwa kabisa. Shauri langu ni kwamba azimwe kabla ya jambo lolote jingine, na ikiwa ruta haikubali azimwe, ruta hiyo haifai kwa simu za ofisi.

Hadi hapa tumesema juu ya ukuta ambao mwenye ofisi anaumiliki. Nyuma yake upo wa pili, ambao watu hawaujui kwa sababu hawakuujenga. Afrika nayo imekaribia kuishiwa na anwani za mtindo wa kale: AFRINIC, chombo kinachozigawa barani, kiliingia mwezi Januari 2020 katika daraja ya mwisho ya ugawaji, ambamo mwombaji hupewa kiasi kidogo mno. Kwa sababu hiyo mtoaji wa intaneti huwaweka wateja wengi chini ya anwani moja ya hadharani, na ofisi ikadhani ina anwani yake kumbe ina ya ndani nyingine, mara nyingi katika fungu lianzalo na 100.64, lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Mteja wa namna hii aweza kufungua milango ya ruta yake hadi iishe asipate simu hata moja, maana bawabu wa pili hajaambiwa neno. Kipimo chake ni chepesi: linganisha anwani iliyoandikwa katika ruta upande wa nje na ile ambayo tovuti yoyote ya kuonyesha anwani itakuambia, zikitofautiana, uko chini ya ukuta wa pili. Anwani ya pekee ya kudumu hupatikana kwa malipo ya ziada, na kwa ofisi itakayo kuweka mtambo wake ndani malipo hayo hayaepukiki. Mtindo mpya wa anwani, IPv6, waondoa haja ya kufichana, walakini hauondoi ukuta. Na ruta nyingi za ofisi ndogo bado hazijatayarishwa kuutumia.

Sasa mtu aweza kuuliza, na swali lake ni la haki: ikiwa mambo ni mazito hivi, imekuwaje WhatsApp yapita kila mahali bila ya fundi? Yapita kwa sababu waundaji wa programu kama hizo walikata tamaa ya kuwasadiki mabawabu, wakatumia mbinu zilizotungwa na waratibu wale wale wa itifaki. Simu hutoka kwanza kwenda kwa seva iliyo nje na kuiuliza, wewe waniona kwa anwani gani. Mbinu hiyo huitwa STUN, ya mwaka 2003. Ikisha kujijua, pande mbili hubadilishana orodha za anwani zao zote na kuzijaribu moja moja, nayo ni ICE. Na zote zikishindikana, sauti hupitishwa kwa mpatanishi wa katikati, ambaye pande zote mbili zimemwendea kwa kutoka, wala hakuna aliyeingiliwa. Huyo ni TURN. Mpatanishi hugharimu fedha, kwa kuwa sauti yote hupita kwake, lakini ndiye asiyeshindwa. Siri ya mbinu zote tatu ni moja: kila mmoja atoke, asiwepo wa kuingia.

Na hiyo ndiyo kanuni ambayo ningependa ofisi za Eldoret ziifuate. Njia ya kwanza, ya kufungua mlango 5060 na ile milango elfu kumi ya sauti kwa dunia nzima, naikataa bila ya kusita, kwa sababu nitakazozieleza. Njia ya pili, ya kuunganisha matawi kwa VPN, yaani njia ya siri kupitia intaneti, ni nzuri sana kwa shirika lenye ofisi Eldoret, Kapsabet na Kitale, kwa kuwa ndani ya njia hiyo ya siri simu zote huwa kama zimo katika nyumba moja, hakuna kubadilisha anwani, na mlango unaofunguliwa ni mmoja tu. Udhaifu wake ni kwamba yahitaji mtu wa kuiangalia, na simu nyingi za mezani za bei nafuu haziwezi kuitumia zenyewe. Njia ya tatu ni kuuweka mtambo wa simu nje ya ofisi, katika seva ya kukodi yenye anwani ya hadharani, iliyopo Nairobi ili sauti isisafiri bure, na kila simu ya Eldoret ikatoka kwenda kwake, ikajiandikisha, na kujikumbusha kila sekunde ishirini. Hapo ukuta wa ofisi hauhitaji mlango hata mmoja ulio wazi. Ukuta wa pili, ule wa mtoaji wa intaneti, hauleti madhara. Na faiba ikikatika mjini, nambari ya ofisi huendelea kuishi, na wito ukaelekezwa kwa simu ya mkononi ya mkuu wa zamu. Njia hii ndiyo niipendekezayo kwa shule, kwa zahanati, na kwa chama cha akiba kisicho na fundi wa kudumu.

Hospitali kubwa zina hesabu nyingine. Mji huu hauna uhaba wa akili katika elimu ya kompyuta: OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao leo hutumika katika nchi nyingi, ulianza kujengwa mwaka 2004 kwa ajili ya AMPATH, ushirika uliokulia hapa Eldoret baina ya Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, na vyuo vya Amerika Kaskazini. Taasisi ya ukubwa huo yaweza kumiliki mtambo wake, na kuuwekea mpakani seva ya kupokea simu peke yake, inayozungumza na nje kwa niaba ya wote. Na maadamu mazungumzo ya daktari na mgonjwa ni amana, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yaitambua habari ya afya kuwa ya kulindwa zaidi, usimbaji wa sauti si pambo katika ofisi kama hiyo. Simu ya SIP isiyosimbwa yaweza kusikilizwa na yeyote aliyefika katika ruta, kwa programu ile ile ya Wireshark iliyomsaidia msimamizi wa kompyuta wa chama cha akiba.

Nimeahidi kueleza kwa nini milango isifunguliwe ovyo. Wapo wezi duniani ambao mashine zao huzunguka mchana na usiku zikibisha mlango 5060 wa kila anwani. Zikijibiwa, hujaribu majina ya kawaida, 100, 101, 102, na maneno ya siri ambayo wavivu huyapenda, yaani nambari ile ile iliyorudiwa, au 1234. Zikifaulu hazifanyi kelele. Hungoja usiku wa Ijumaa, ofisi ikiwa imefungwa, kisha hupiga simu nyingi kwa pamoja kwenda nambari za ng'ambo zenye bei ya juu, ambazo mwizi ana fungu katika mapato yake. Jumatatu karani hukuta simu zote nzima, na mwisho wa mwezi mkuu wa ofisi hukuta deni. Mtoaji wa huduma hudai alipwe, kwa kuwa naye amekwisha kudaiwa. Kwa hiyo, ikiwa mtambo hauna budi kuwa ofisini, ukuta uruhusu anwani ya mtoaji wa nambari peke yake na kuwakataa wengine wote. Maneno ya siri yawe marefu na yasiyokisika. Simu za nje ya nchi zifungwe kwa kila meza isiyozihitaji. Na mtoaji aombwe aweke kikomo cha gharama kwa siku. Mwenye kuyafanya haya manne amejikinga na sehemu kubwa ya wizi huo.

Uko ukuta wa tatu, nao ni wa dola, ambao fundi hana mamlaka juu yake. Wazazi wa Eldoret wenye watoto wanaofanya kazi katika Falme za Kiarabu wanajua kwamba maandishi ya WhatsApp hufika lakini simu yake haipiti, kwa kuwa huko zinaruhusiwa programu zilizoidhinishwa tu, kama Botim, na sheria yao ina adhabu nzito kwa atumiaye VPN kutenda kosa. Karibu nasi, Uganda ilitoza kodi ya shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa mitandao ya aina hiyo kuanzia Julai 2018, watu wakakimbilia VPN, na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti yote ikazimwa kwa siku kadha. Dereva wa lori apitaye Eldoret kwenda Malaba na Kampala, ambaye mwajiri wake humfuata kwa simu ya intaneti, hukutana na sheria tofauti kila avukapo mpaka. Ushauri wangu hapa ni mfupi: tumia kilichoidhinishwa mahali ulipo, na ofisi ihifadhi nambari moja ya simu ya kawaida kwa siku ambazo intaneti haipo.

Upana wa njia hauna haja ya maneno mengi. Sauti ya kodeki ya kawaida, G.711, pamoja na bahasha za pakiti zake, hutumia kilobiti 80 kwa sekunde kwa kila upande, G.729 hutosheka na 24. Simu kumi za pamoja hazifiki megabiti moja, basi si kasi inayokosekana bali kipaumbele: mtu mmoja akipakia video, sauti hukatikakatika, na ruta sharti iagizwe iipitishe sauti kwanza. Umeme ni jambo zito zaidi. Zile volti 48 zilizokuja na waya wa shaba hazipo tena, na stima ikikatika, ruta na simu huzimika pamoja. Ofisi isiyo na betri ya akiba kwa ruta yake haina simu wakati wa mvua za radi za Uasin Gishu, saa ambazo pengine ndizo inazihitaji.

Nawasihi basi wakuu wa shule, wa zahanati na wa vyama, kwamba kabla ya kulipia simu hata moja wamwombe mtoaji wa intaneti awajibu kwa maandishi: je, ofisi itakuwa na anwani yake ya hadharani au itawekwa chini ya ukuta wake, je, msaidizi wa SIP aliyemo katika ruta aweza kuzimwa, na je, ni nani atakayelipa deni la simu za wizi. Nawasihi pia walimu wa vyuo vya ufundi vya Eldoret wawafundishe vijana kuisoma pakiti kabla ya kuwafundisha kubadilisha waya. Programu za kuzisomea hazina bei, na kompyuta yoyote iliyomo darasani yatosha.